Dakika Nane za Baba

Nilikuwa na filamu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa nzima. Kila nilipomweleza mtu jambo hilo, niliona uso wake ukiingiwa na huruma, kama vile nimemwambia nina viatu kumi na kimoja na vyote ni vya mguu wa kushoto. Filamu nzima ni saa moja na nusu, pengine saa mbili. Zangu zilikuwa za dakika nane, nyingine nne tu. Zamani, kabla ya video, kampuni za Ulaya na Marekani zilichukua filamu kubwa iliyokwisha kuzunguka kwenye majumba ya sinema, zikaikata, zikabakiza vipande vya kusisimua, zikavihamishia kwenye mkanda mwembamba usiozidi upana wa ukucha wa kidole kidogo, kisha zikauza mkanda huo ndani ya boksi la karatasi ngumu ili watu wakaonyeshane nyumbani. Nyingi hazikuwa na sauti. Juu ya boksi palikuwa na picha ya rangi iliyoahidi mambo mengi kuliko yaliyokuwemo ndani.

Wakati nakusanya vitu hivyo, Arusha nzima ilikuwa inanunua deki za video. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa, na kila mtaa ulikuwa na banda la video lenye benchi na pazia jeusi mlangoni. Watu waliokuwa na projekta na filamu za nyumbani walizitoa nje pamoja na majiko mabovu. Mimi ndipo nilipoanza kuziokota. Hata leo siwezi kusema kama nilipenda filamu zile au nilipenda kwamba hakuna mwingine aliyezitaka, kwa hiyo hakuna ambaye angeniuliza nina sifa gani za kuwa nazo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Kaka zetu waliotutangulia walipangiwa kazi na serikali kabla hata ya kurudisha joho. Sisi tuliambiwa kwamba mambo yamebadilika, sasa soko ndilo litakalotupangia. Nikarudi nyumbani na shahada ya sosholojia kwenye bahasha ya kaki, nikalisubiri soko. Niliandika barua za maombi, nikazisoma tena, nikaona neno moja halijakaa vizuri, nikaziandika upya. Zile nilizofanikiwa kuzipeleka posta hazikujibiwa, na nyingine nilizibakiza mezani mpaka tarehe zikapita.

Nyumbani ni Olmotonyi, njia inapoanza kupanda mlima Meru kwenye miti ya misonobari. Baba alifanya kazi kwenye kitalu cha miche cha chuo cha misitu tangu ujana wake. Filamu ya kwanza kati ya zile kumi na moja haikuwa yangu, ilikuwa yake. Mwalimu mmoja mgeni, siku anaondoka kurudi kwao, alimwachia projekta, shuka jeupe na boksi moja. Zile kumi nilizipata mwenyewe baadaye, tatu kwa siku moja kwenye mnada wa vyombo vya familia iliyokuwa inahama kutoka Themi, mjini, nyingine moja moja, huku na huku.

Ile ya baba ilikuwa dakika nane za mtu mwenye kofia nyeupe. Anashuka kwenye treni, peke yake, kituo hakina watu. Ghafla yuko jela. Ghafla anakumbatiana na mwanamke mbele ya nyumba inayoungua. Ghafla yuko juu ya farasi, anafukuzwa na watu sita, na sura yake imeota ndevu. Kisha anasimama kaburini, kofia mkononi. Mwisho. Hakuna anayekueleza alikuja kufanya nini, amefungwa kwa kosa gani wala aliyezikwa ni nani.

Baba ndiye aliyetueleza. Nilipokuwa mdogo, Jumamosi mchana baada ya kazi, wenzake wa kitalu walikuja kwenye stoo yetu ya mahindi, wakakaa juu ya magunia, baba akatundika shuka. Wengine walikuwa Waarusha kama sisi, wengine Wameru, wengine Wachaga, hivyo alisimulia kwa Kiswahili na kuchomekea Kimaa pale utamu ulipozidi. Kwanza alivuta pumzi kwa nguvu puani, kama mtu anayetaka kuinua mzigo. Halafu akaanza. Yule mtu, alisema, amekuja kutafuta ng'ombe. Wamechukuliwa, naye amefuata nyayo mpaka reli ilipoishia. Mtu akiuliza mbona hatuwaoni hao ng'ombe, alijibu bila kugeuka, "Wamekatwa. Mkanda ni mfupi na ng'ombe ni wengi." Stoo nzima ilicheka, kisha ikanyamaza, kwa sababu farasi walikuwa wanakuja. Dakika nane zilichukua saa nzima. Alikuwa na namna ya kusimamisha gurudumu kwa kidole pale alipohitaji muda, akaongea, akaliachia tena kabla taa haijaunguza mkanda.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, baba alipunguzwa kazi pamoja na wenzake. Miezi michache baada ya mimi kurudi, asubuhi moja akiwa anafungua zizi, alianguka. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia viliishiwa nguvu, na maneno yakaondoka yote.

Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa kijana, pengine aliyenizidi miaka mitatu tu, na nilimwonea wivu kwa namna alivyojua la kusema. "Akili ipo," aliniambia. "Anaelewa. Lakini usimwache akae kimya. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafasi. Mwongeleshe, mfanye atake kujibu. Ikipita bila neno hata moja, baadaye inakuwa kazi ngumu sana."

Nilimuuliza miezi ya mwanzo ni mingapi. Akasema haina hesabu kamili. Jibu hilo lilinitesa kuliko kama angetaja tarehe.

Basi nikawa mtu wa kumhudumia baba. Mama, tuliyekuwa tunamwita yeyo kama watu wa kwetu wanavyosema, alikuwa na ng'ombe wawili, shamba la maharage na maji ya kuchota, na dada zangu walikuwa wameolewa mbali. Mimi sikuwa na kazi. Kila asubuhi nilimwinamia kichwa baba anishike, ndiyo salamu ya mtoto kwa mzee kwetu, na kila asubuhi nilisubiri mkono wa kushoto ukumbuke kwamba sasa ni zamu yake. Nilimgeuza, nikamwosha, nikampa uji kwa kijiko. Nilimnyoosha vidole. Kisha nilianza masomo.

"Baba, hii ni nini?"

Alikiangalia kijiko, akaniangalia mimi.

"Kijiko. Sema ki. Ki."

Aliangalia dirishani. Sidhani kama alikuwa hawezi hata kujaribu. Nadhani aliona aibu kwa ajili yangu, mtu mzima mwenye shahada, kumwonyesha kijiko. Lakini pia huenda nilijipa moyo tu. Nilikuwa nawaza hivyo na kinyume chake kwa wakati mmoja, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimechoka kana kwamba nimelima.

Mwezi wa nne tangu aanguke ulipokwisha ndipo nikafikiria ile filamu. Nilijiuliza ni wapi baba alikuwa ameongea zaidi maishani mwake. Hakuwa msemaji mezani, wala kanisani. Alikuwa msemaji stoo, Jumamosi, mbele ya mtu mwenye kofia nyeupe. Ikiwa maneno yake yamejificha mahali, yamejificha pale. Mtu mwingine angebeba projekta siku ileile na kuionyesha. Mimi nikaanza kufikiri. Filamu yenyewe imekatwakatwa, niliwaza. Baba alikuwa na akili nzima ndiyo maana aliweza kuruka toka kipande hadi kipande. Sasa akili yake nayo ina nafasi tupu. Nikimpa kitu chenye nafasi tupu nitamchanganya. Anahitaji kitu kilichoshikana, mwanzo mpaka mwisho, kimshike mkono. Wazo hilo niliandika kwenye daftari na nilipolisoma lilionekana la kisomi kabisa.

Nilijua pa kupata vipande vilivyopungua. Mjini, katika mtaa wa zamani nyuma ya msikiti, alikuwepo fundi saa ambaye wazazi wake walitoka Pangani. Kibanda chake kilikuwa na saa zilizotundikwa ukutani na filamu chini ya kitanda cha kukalia, na alikuwa mtu pekee Arusha niliyemjua anayezikusanya kama mimi. Alikuwa na sharti moja: hakuuza mkanda, alibadilishana tu.

"Nikiuza," alisema, "kesho nitaukuta umetumika kufungia mpira wa makaratasi."

Nilimsalimu shikamoo, akaitikia huku lenzi ya jichoni haijatoka.

"Msomi! Leo umekonda zaidi. Hizo barua zinakula nyama yako."

"Nimekuja kwa ajili ya yule mwenye kofia nyeupe, mzee. Uliwahi kuniambia unayo ndefu."

"Ninayo. Maboksi mawili. Ile ya kwenu wameikata ikawa dakika nane, hii waliikata ikawa kumi na sita. Ndugu wa baba mmoja." Akaitoa lenzi. "Na mzee vipi, ametamka?"

"Bado."

"Mungu atamfungulia." Akaifuta lenzi kwa kitambaa, kisha akarudi kwenye biashara. "Nataka sita."

"Sita? Mzee wangu, hiyo ni zaidi ya nusu."

"Basi saba."

"Ulisema sita!"

"Nilisema sita ulipokuwa hujabisha. Ukiendelea kufikiri hapo mlangoni itakuwa nane, shauri yako."

Nilimpa saba, zile za vikatuni ambazo wajukuu zake walizipenda na nyingine ambazo sikuzipenda kabisa lakini nilizililia njiani. Aliniazima pia kifaa chake kidogo cha kuungia mkanda, chuma chenye meno yanayoingia kwenye matundu ya pembeni. Aliniuliza naunga nini. Nikasema kuna mahali pamekatika. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakwenda kuukata mkanda wa baba mwenyewe, kwa sababu nilijua atasema nini na sikutaka kulisikia.

Kazi ilinichukua siku tatu, mezani karibu na dirisha, kwa wembe na utepe mwembamba wa gundi. Nilikata dakika nane za baba katika kila kiungo cha hadithi, nikachomeka vipande kutoka kwenye ile ndefu. Ile ndefu ilikuwa na maandishi ya maelezo chini ya picha, na mambo yote yakafunguka mbele yangu. Yule mtu alikuwa karani wa mahakama. Alikuja kupeleka barua. Alifungwa kwa kufananishwa na mwingine. Mwanamke wa mbele ya moto alikuwa dada yake, na kaburini alikuwa amelala hakimu. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilifurahi, naona aibu kusema hivyo. Nilifurahi kama mtu aliyemaliza mtihani mapema. Filamu yangu ilikuwa imefika karibu dakika ishirini na ilikuwa inaeleweka.

Umeme ulikuwa wa mgao, hivyo tulisubiri siku ya zamu yetu. Yeyo alinisaidia kumvusha baba uani mpaka stoo, tukamweka kwenye kiti chenye mito, nikafunga mlango na kuziba nyufa kwa magunia. Projekta ikaanza kuguruma. Treni ikaja. Mtu mwenye kofia nyeupe akashuka.

Baba akavuta pumzi kwa nguvu puani.

Niliisikia juu ya kelele za mashine. Yeyo pia aliisikia, maana alinishika mkono. Midomo ya baba ilifunguka na upande wa kushoto wa uso wake ukawa uso wa Jumamosi. Kisha, pale ambapo siku zote palikuja jela, ikaja ofisi, na karani mwingine, na barua inapigwa muhuri. Baba akabaki kinywa wazi. Likaja jengo la mahakama. Akageuka akaiangalia mashine, halafu akaniangalia mimi, muda mrefu, halafu akafumba macho. Hakuyafumbua mpaka mwisho. Nilimwita. Nilimwambia, baba, angalia, sasa inaonyesha kwa nini. Hakuyafumbua.

Jioni alikataa uji. Alibana meno na kijiko kikagonga juu yake. Asubuhi pia alikataa. Mchana nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikiwa nimeshapanga kichwani mazishi yake, hotuba nitakayotoa, na namna nitakavyoficha kwamba ni mimi niliyemuua kwa sinema.

Yeyo alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Ile haikuwa yake," alisema.

"Ni ileile, yeyo. Nimeongeza tu sehemu zilizokatwa."

"Nani alikuambia uongeze?"

"Ilikuwa na mapengo. Nilifikiri..."

"Ulifikiri." Akatupa punje mbovu kwa kuku. "Na yeye alikuwa anasemea wapi, kama siyo humo? Umejaza kila mahali, mtoto wangu. Angesema nini sasa, na karani ameshasema yote?"

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu juu ya namna watu wanavyoishi pamoja, na hilo halikunijia.

Nilirudi mezani kuyatoa niliyoyaweka. Kuunga ni kazi ya subira, lakini kubandua ni mbaya zaidi. Gundi ya siku tatu ilikuwa imeshika. Nilipoivuta, matundu ya pembeni yalichanika, na mkanda wenye tundu lililochanika hauvutwi na mashine, unaruka na kukwama. Ilinibidi nikate kila palipochanika na kuunga upya. Kila kiungo kilikula kitu: hatua mbili za farasi, mkono unaoinuka, moshi kidogo. Nyumba inayoungua ilikatika katikati. Siku ya nne nilipoipima, dakika nane za baba zilikuwa zimebaki kama sita, na zilikuwa na makovu ambayo yangeonekana kwenye shuka kama radi. Zile mbili zilizopotea hazikurudi tena. Vipande vidogo nilivikusanya kwenye bahasha, navyo sikuweza kusema ni vya wapi.

Mwezi wa tano ulikuwa umefika katikati. Nilitaka kuahirisha. Nilikuwa na sababu nzuri tatu za kuahirisha, lakini yeyo alikuwa ameshawaalika watu. Walikuja wawili waliokuwa wafanyakazi wenzake wa kitalu: mzee mrefu aliyekuwa nyapara wao, na mama wa Kimeru aliyekuwa akijaza udongo kwenye viriba vya miche, mwenye sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa korongo. Wote walikuwa wamepunguzwa kazi siku moja na baba. Waliingia stoo, wakakaa juu ya magunia palepale walipokuwa wakikaa, wakamsalimu baba kama mtu mzima na siyo kama mgonjwa.

"Umeketi kama mkurugenzi," mama wa viriba alimwambia. "Mito mitatu! Ukiwa kazini hukuwahi kupewa hata mmoja."

Nikawasha. Treni ikaja, mtu akashuka, mkanda ukaruka kwenye kiungo, akawa yuko jela. Nilimwangalia baba pembeni. Macho yalikuwa wazi. Hakuvuta pumzi. Jela ikapita. Nikatambua kwamba sikuwahi kuiona filamu ile kwa ukimya. Ilikuwa mbaya sana.

"Sasa huyu amefanya nini?" nyapara akauliza.

Nikajifanya narekebisha lenzi.

"Msomi, mzee amekuuliza," akasema mama wa viriba.

Nikakohoa. Nikaanza. "Huyu, inaonekana, amefika mahali ambapo pengine hajulikani. Halafu kuna uwezekano kwamba amekamatwa kimakosa, ingawa kwa hapa hatuwezi kuwa na uhakika..."

"Mwanangu, unasimulia au unatoa ushahidi mahakamani?"

"Nasema tu kinachoonekana, mama."

"Kinachoonekana na sisi tunakiona. Macho tunayo."

"Na ng'ombe wako wapi?" nyapara akauliza.

"Hakuna ng'ombe, mzee. Nimeiona ile ndefu yote. Ni karani, alikuja kupeleka barua."

"Barua!" Mama wa viriba akapiga paja. "Mtu apande treni, afungwe, achomewe nyumba, kwa ajili ya barua? Hiyo ndiyo digrii?"

"Mama, mimi sikuitunga, ndivyo ilivyo, alikuja kupeleka..."

"Si hivyo."

Ilikuwa sauti nzito, yenye mate, kama mtu anayeongea akiwa na chakula mdomoni. Lakini ilikuwa maneno mawili, na yalisikika yote mawili. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa umeinuka kutoka kwenye mto. Hakuwa ananiangalia kwa upendo, nisiseme uongo. Alikuwa amekasirika.

Yeyo alisema jina la Mungu kwa Kimaa. Nyuma yetu farasi walikuwa wanakimbia kwenye shuka na hakuna aliyewaangalia.

Wa kwanza kupata akili alikuwa nyapara. Alisogeza gunia lake karibu. "Si hivyo," alimrudishia. "Haya. Amekuja kutafuta ng'ombe."

Baba akanyamaza. Akaninyooshea kidole, kwamba nisikie.

"Ng'ombe wa kaka yake," nikasema haraka, maana hilo nililikumbuka vizuri tangu utotoni.

"Si hivyo."

"Wa baba yake?" akauliza mama wa viriba.

"Si hivyo!"

"Wa mkwe wake," akasema nyapara taratibu.

Baba akanyamaza, akashusha mkono, akapumua. Nyapara na mama wa viriba wakacheka, wakagongeana viganja. Ilikuwa mkwe. Miaka yote hiyo nilikuwa nimembebea hadithi yake kichwani nikidhani ninayo, na sikuwa nayo. Mkanda uliisha, ncha yake ikawa inapigapiga mashine, nikauweka upya, tukaanza tena treni. Ndivyo tulivyoimaliza: sisi tunapendekeza, yeye anakataa, mpaka anyamaze. Taa ya projekta ilipata moto mno ikabidi nizime mara mbili. Baba alikunywa uji bakuli zima.

Nilitamani hadithi hii iendelee kupanda kutoka hapo. Nilimpeleka kwa daktari, akafurahi, akasema tuendelee hivyo hivyo. Tuliendelea. Wale wawili walikuja kila Jumamosi yenye umeme. Lakini wiki zilipita, kisha miezi, na hakukuwa na neno la tatu. Alikuwa na hayo mawili tu, na aliyatumia kwa kila kitu, kwa sauti tofauti tofauti. Nyumba nzima tulijifunza kuishi kwa kupendekeza. Uji? Si hivyo. Chai? Si hivyo. Maziwa? Kimya, basi ni maziwa. Mchungaji alipokuja kumwombea na kufika kwenye maneno ya mapenzi ya Bwana, baba alisema si hivyo, na mchungaji, ambaye ni mtu mwema, akasimama na kuanza upya kwa njia nyingine.

Inachosha kuliko mtu anavyodhani. Unaweza kutumia robo saa kugundua kwamba mtu anataka dirisha lifungwe. Kuna siku nilipendekeza vitu arobaini, kisha nikatoka nje kwenda kusimama nyuma ya zizi, bila kulia, bila kufanya chochote.

Mwaka mpya ulipoanza, moja ya barua zangu ilijibiwa. Shirika la watu binafsi Dar es Salaam liliniita kwenye usaili, na barua ilionyesha kwamba nafasi ilikuwa karibu kuwa yangu. Nilikaa nayo siku mbili bila kumwambia mtu. Nilifanya safu mbili kwenye daftari, kwenda na kubaki, nikazijaza hadi karatasi zikaisha na zote zilikuwa sawa. Siku ya tatu baada ya chakula cha mchana, yeyo akiwa shambani, nilivuta kigoda nikakaa mbele ya baba na kumsomea barua yote, pamoja na anwani.

Alisikiliza. Alikuwa akiangalia mdomo wangu.

"Niende, baba?"

"Si hivyo."

Sikujua kama ni nafuu au ni huzuni niliyoisikia. "Basi nibaki."

"Si hivyo."

"Niende nirudi? Nikafanye usaili tu?"

"Si hivyo."

"Niwaombe wasubiri? Nimwite dada aje kwanza?" Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda. "Twende wote?"

Si hivyo, si hivyo. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake avuke mto. Nilipendekeza kila nilichokuwa nimekiandika kwenye zile safu mbili na vingine ambavyo sikuwahi kuvifikiria, mpaka nikafika mahali ambapo sikuwa na kingine. Barua ilikuwa imelowa jasho mkononi. Nikaiweka chini ya kigoda.

"Nilale kidogo?" nikamuuliza.

Akanyamaza.

Nikasubiri, nikidhani labda hakusikia. Alikuwa amesikia. Nikajinyoosha sakafuni kando ya kiti chake, juu ya ngozi, viatu mguuni, nikafumba macho saa nane mchana.